Wikendi Niliyomnyima Twahir Radhi

Jumapili, baada ya magharibi. Joto la leo si la kusimulia, hata ukuta wa chumba changu unatoa jasho. Mapaja yanauma, mgongo unauma, na hasira ndiyo kwanza zinaanza kushuka. Wale mnaopita hapa kusoma safari zangu za baiskeli na mlikuwa mnangoja picha za njia za vumbi za Kwale, hamna. Sikufika Kwale.

Niseme ilivyokuwa, maana nikikaa nayo moyoni nitapasuka.

Ndugu yangu Twahir anaondoka kesho kwenda Kanada, kazi ya uuguzi, mkataba wa miaka mitatu. Yeye ndiye kitinda mimba wetu, mimi ndiye mkubwa, na tangu Baba afariki tumebaki sisi wawili na Mama katika nyumba hii ya Mji wa Kale.

Miaka minne nyuma niliporudi nyumbani na talaka yangu, nilikuwa mtu wa kula na kulala. Kila aliyekuja kunitazama alinihimiza subira. Twahir hakunihimiza kitu. Alinipa baiskeli yake kuukuu, akaninunulia helmeti, akasema, "Twende, Dada, watu hawajaamka." Tangu siku ile, kila Jumapili tukishasali alfajiri tunavuka feri ya Likoni, tunapanda mpaka Kwale, halafu tunaingia porini kwenye vijia vya mawe na mizizi mpaka mikono ife ganzi. Mashangazi walisema yao. Mwanamke mzima, buibui kalikunja kiunoni, juu ya baiskeli! Walisema mpaka wakachoka wenyewe.

Kwa hivyo nilipopanga wikendi ya kumuaga sikupanga karamu. Nilipanga baiskeli. Tuondoke Jumamosi asubuhi watu wanne: mimi, Twahir, binamu yetu Ruweida, na Mwadime, rafiki wa Twahir, Mtaita anayefanya kazi kwenye maghala ya Shimanzi. Tulale Kwale kwa dadake Mwadime. Mama atufuate na gari, yeye na sufuria yake ya pilau. Jumapili tuzunguke vijia vyetu vyote kisha tushuke. Ofisini kwetu Kilindini nilibadilishana zamu na mtu ambaye sasa atanisimanga mwezi mzima.

Na nikiri hapa, kwa kuwa kwengine sijakiri. Nilikuwa na langu. Kule juu, mlima ukishatumaliza pumzi na hakuna mtu karibu, nilitaka kumwambia Twahir asiende.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tulikuwa mlangoni, chupa zimejaa maji, tairi zimejaa upepo. Mama akatoka na leso kichwani.

"Mwenda wapi?"

"Kwale, Mama. Si tulisema?"

"Na kuaga?"

Kwetu msafiri haondoki hivi hivi tu. Hupita nyumba kwa nyumba kwa wakubwa wake, akakaa, akasema nimekuja kuaga, niwieni radhi. Nao humjibu tumekuwia radhi, na hapo ndipo anapopanda chombo chake moyo mweupe. Nayajua haya, nimezaliwa nayo. Lakini Twahir alikuwa na wiki nzima! Jumatano alikuwa wapi? Alhamisi alikuwa wapi?

"Nyumba tatu tu, Dada," akasema. "Dakika kumi kumi."

Dakika kumi! Mombasa hii hii?

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi yetu Bi Shamsa, Kibokoni. Baiskeli nne zikaziba kichochoro, wapita njia wakawa wanapita ubavuubavu huku wakitutakia safari njema kwa meno yaliyobanwa. Ndani tukawekewa mahamri na mbaazi. Kisha kahawa. Kisha Bi Shamsa akamkumbuka marehemu Baba, akalia. Akaletewa maji, akanywa, akamkumbuka tena. Nyumba ya pili tuliwekewa kaimati na albamu ya harusi. Nyumba ya tatu mwenyewe hakuwapo, kaenda sokoni, haya tumngojeni, na huku mnangoja onjeni hizi sambusa.

Maskini Mwadime hakujua kwamba kwetu sahani ikiwa tupu hujazwa. Aliimaliza kila aliyopewa kwa adabu yake yote, nao wakamjazia kwa adabu yao yote. Kufika nyumba ya tatu alikuwa ameegemea ukuta, macho yamelegea. "Dada Swafia," akaninong'oneza, "mimi ule mlima labda mnibebe." Ruweida alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama saa.

Adhana ya adhuhuri ilitukuta palepale. Twahir alipotoka msikitini nikasema haya, sasa feri. Twahir akavaa helmeti yake polepole, akaangalia ardhi.

"Tupite na Buxton kwanza. Kwa mwalimu wangu wa hesabu."

Buxton! Feri iko huku, Buxton iko kule. Na hapo Mama hakuwapo, wala shangazi hakuwapo, hakuna aliyemlazimisha. Nikamtazama, akanikwepa macho. Ndipo nikaelewa kwamba anazitafuta nyumba mwenyewe. Huyu hataki kupanda mlima na mimi.

Iliniuma. Sitaki kupamba maneno, iliniuma sana.

Tuliporudi nyumbani alasiri, pilau iliyokuwa iende Kwale ilikuwa imepakuliwa kwenye masinia sebuleni, na nyumba imejaa. Mashangazi, majirani, mpaka watu ambao tumetoka kuwaaga asubuhi nao wamekuja kuagwa tena. Mama ananiambia, "Kwale haikimbii." Mimi ndio nimesimama mlangoni na viatu vyangu vya baiskeli, kiunoni buibui limekunjwa kwa safari isiyokuwapo.

Watu walipokwisha kunawa, Twahir akanijia mbele ya wote. Akanishika mkono.

"Dada, wewe ndiwe uliyebaki. Niwie radhi."

Wakatabasamu wote, wanangoja nijibu kama ilivyo ada. Nami nikamwambia, "Radhi yangu iko Kwale. Ukiitaka ifuate."

Ruweida alidhani ni mzaha, akacheka peke yake. Bi Shamsa akavuta istighfari. Mama ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Swafia. Hilo si neno la kuchezea. Mtoto yuwapanda ndege."

Niliingia chumbani nikafunga mlango na nikazima simu. Niseme kweli, kwa robo saa hivi nilijisikia vizuri.

Leo alfajiri, nimeshasali, bado niko kwenye msala, nikasikia kugongwa mlango.

"Dada."

Nikaendelea kuhesabu tasbihi.

"Dada Swafia. Twende."

Nikajiambia ni nyumba nyengine hiyo, kuna mzee wamemsahau. Akagonga mara ya tatu. Halafu nikasikia baiskeli inateremshwa ngazi, tairi inagonga kila kidato, na mlango wa nje ukafungwa taratibu, vile anavyoufunga yeye ili Mama asiamke. Nikarudi kitandani, nikavuta shuka.

Simu niliiwasha saa nne kasoro. Ujumbe ulikuwa mmoja baada ya mwengine. Wa kwanza: "Niko feri na Mwadime. Amka basi." Wa pili ulikuwa na picha ya baiskeli yake imelazwa kwenye majani, na chini yake: "Nimefika Kwale. Nakungoja." Wa tatu umeingia baada ya saa nzima: "Nashuka, Dada. Jua limekuwa kali."

Saa nzima alinikalia kule juu. Siku yake ya mwisho, watu wote hawa wanamtaka, na yeye amekaa kwenye majani ananingoja mimi niliyejifunika shuka.

Nilijitukana matusi ambayo hapa siyaandiki.

Baiskeli niliitoa bila kuangalia hata upepo wa tairi. Nimepita Ndia Kuu, mtaani kwetu, watu wananisalimia siitikii, nikatokea barabara kuu, malori mbele, malori nyuma, mpaka feri. Nikasimama upande wetu wa kisiwani, jua la utosi, nimeshika baiskeli kwa mkono mmoja na helmeti kwa mwengine. Feri ya kwanza ikateremsha watu, hayumo. Ya pili hayumo. Ya tatu nikamuona Mwadime kwanza kwa urefu wake, halafu Twahir, vumbi mpaka magotini, anakokota baiskeli.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Kilichotoka ni, "Jana ulikuwa wanikimbia."

"Naam," akasema. "Nilikuwa nakukimbia."

Mwadime akaona hapa hapamhusu, akasogea mbele akajifanya anaangalia mnyororo.

"Najua ulilotaka kunambia kule juu," Twahir akasema. "Nyumba zote nilizopita, Dada, hakuna hata mmoja aliyenambia nisiende. Wote wasema nenda, Mungu akufungulie. Nikajua wewe utanambia. Na ukinambia, siendi."

Nikauliza, "Na leo mbona ulikuja kunigongea?"

"Kwa sababu siwezi kuondoka huna radhi na mimi. Nikasema potelea mbali, akinambia nibaki, nitabaki. Haya. Nimeshavuka. Nambie."

Watu walikuwa wanatusukuma huku na huku, mizigo, kuku, watoto wanalia. Na mimi neno lilikuwa mdomoni. Nalisema hapa ili nisije baadaye nikajifanya malaika. Silabi nne tu, usiende, na kesho angekuwa hapa, na Jumapili tungekwenda, na Jumapili ya pili. Angebaki kwa ajili yangu, na mimi ningemtazama kila siku akifanya vibarua vya zahanati vya wiki mbili wiki tatu, na ningejua ni mimi niliyemfanya hivyo.

Nikamshika kichwa chake chenye vumbi.

"Nimekuwia radhi, Twahir. Dunia na akhera. Nenda."

Alilia yeye. Mimi sikulia, nilikuwa nimekasirika mno. Nyuma yetu bwana mmoja na gunia lake begani akapiga kelele, "Hebu nyinyi wapenzi, tupisheni njia!"

"Ni ndugu yangu huyu, bwege wee!" nikamfokea, na Twahir akacheka huku kamasi zinamtoka.

Tukarudi nyumbani kwa baiskeli, tatu mstari mmoja, polepole. Nyumbani Mama alitutazama nyuso zetu, akatuwekea maji ya kuoga.

Na bado nimekasirika. Nimewakasirikia mashangazi kwa mahamri yao. Nimejikasirikia kwa lile neno la jana na kwa saa nzima ile ya leo, ambayo hakuna atakayenirudishia. Zaidi nimemkasirikia yeye, kwa kuniachia mimi ndiye niseme nenda. Angeweza kuondoka tu, kama wanavyoondoka watu, mimi nikabaki kumlaumu. Sasa nimlaumu nani?

Mama ananiita. Sanduku la Twahir halifungi, wamelijaza halua na achari na mashuka kana kwamba Kanada hakuna watu, na wanataka mtu mzito aje alikalie. Wote wamekubaliana kwa kauli moja kwamba ni mimi. Namsikia na Twahir mwenyewe anacheka, "Mwiteni Dada, akikaa yeye litafunga."

Haya, nakwenda kulikalia.