Homa Ambayo Mwende Hakuwa Nayo

Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, na ile baridi ya Nairobi inayoingia hadi kwenye soksi. Nimevaa sweta mbili na bado nakumbatia kikombe cha chai.

Leo mimi na wauguzi wenzangu tulikuwa shule moja ya msingi huko Ngara, kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Tunaanzia miaka kumi. Sharon, binti wa mama mmoja anayeuza mapazia karibu na hapo, alifika mbele yangu akasema ana tisa. Alisema huku akiangalia viatu vyake. Rejista ya mwalimu ilisema kumi na moja.

Sikumgombeza. Ametumwa tu na mamake, maskini.

Saa saba nikaenda kibandani kwa mamake. Nikaanza maelezo yangu niliyoyazoea: chanjo ni salama, haimzuii msichana kuzaa baadaye. Mama Sharon aliniacha nimalize, akakunja pazia lake vizuri, ndipo akauliza:

"Sista, si uniambie ukweli. Binti yako ulimdunga?"



Sasa niandike hapa jambo ambalo hadi leo sikuwa nimemwambia mtu. Mwaka jana chanjo ilipofika shuleni kwa binti yangu Mwende, hapa Muthangari, nilimwacha nyumbani. Niliandika barua kwamba ana homa. Hakuwa na homa yoyote. Baba yake alikuwa amesikia maneno ya kuipinga chanjo kanisani, akaniomba tungoje kidogo, nami nikajiambia nalinda amani ya nyumba. Lakini si yeye tu. Mimi pia niliogopa. Mimi niliyewauguza wanawake wenye ugonjwa huu wodini, nikajua majina yao na ya watoto wao.

Naona aibu, na sitaitafutia jina lingine.

"Sijamdunga," nikamwambia.

Nilidhani atanifukuza. Akacheka, akanisogezea kiti.

"Kumbe tuko sawa tu. Basi kesho lete wako kliniki, na mimi nilete wangu. Lakini wako ndio aanze."

Jioni nimemweleza Baba Mwende yote, bila kuhubiri.  Akasema, "Kama wewe umeamua, mpeleke," akaenda kututafutia kile kitabu cha kliniki cha Mwende. Mwende alikuwa jikoni anamenya viazi. Kumweleza yeye ndiko kulikokuwa kugumu zaidi.

"Kwa hivyo ile siku sikuwa mgonjwa?" akaniuliza.

"Hukuwa, mwanangu. Nisamehe."

"Nilijua," akasema, akachukua kiazi kingine.

Amelala sasa. Nimemwandikia mwalimu wake barua: Mwende atachelewa kesho asubuhi, nampeleka kuchanjwa. Ni mistari miwili tu. Nimeisoma tena na tena, na safari hii hakuna uongo ndani yake.