Chaneli Yenu Haijahama

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba. Unaendeleaje na ule mgongo, na miguu uliyosema imeanza kuvimba? Shemeji hajambo? Sisi huku tunajikongoja. Baba anakula vizuri, anatembea mpaka dukani na kurudi, na bado anagombana na kamba za viatu vyake kila asubuhi. Mimi kifua kimetulia; siku hizi kinachokohoa ni cherehani.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama kwenu kumenyesha. Nimeona afadhali nikae chini niandike, maana karatasi hainikodolei macho. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Sebule yetu unaijua. Baba na kiti chake, televisheni juu ya kabati la marehemu mama, na mimi dirishani na cherehani yangu, nimewapa mgongo wote wawili. Unajua pia kwamba tangu kinu cha kusaga kimmalize masikio, baba huongea lakini hasikii. Zile ishara zenu mlizobuni ukiwa mtoto sikuwahi kuzishika, vidole vyangu vimezoea mkasi tu. Mimi humwandikia kwa chaki ya kushonea, kwenye kile kipande cha kitambaa cha buluu, akishasoma nafuta. Chai tayari. Meza dawa. Fundi bomba amekuja. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Mazungumzo yake ya kweli yalikuwa saa moja jioni. Ikikaribia, ananawa uso, anavaa lile shati jeupe, anakaa. Habari zinaanza, nawe unatokea kwenye kona ya chini ya skrini, unatafsiri kwa mikono. Mwishoni unavuta ndewe ya sikio mara mbili. Nchi nzima inadhani unaweka hereni sawa, lakini baba anavuta la kwake mara mbili, kukujibu kwamba amekuona. Kisha anavua shati, analitundika msumarini. Kwa miaka minne sikumbuki jioni aliyokosa.

Sasa yakaja haya mabadiliko. Mwezi mzima maandishi yalipita chini ya skrini kwamba chaneli za bure zinahamia masafa mapya, na ikifika tarehe moja kila nyumba itafute chaneli upya kwenye king'amuzi chake. Baba aliyanakili nyuma ya kalenda, neno kwa neno, akanikumbusha mpaka nikachoka. Tarehe moja asubuhi skrini ikawa nyeusi, imeandikwa hakuna mawimbi. Yeye alikuwa ameenda kupima presha. Nikachukua rimoti, nikafuata maelezo, na chaneli zikaanza kurudi moja moja na namba mpya. Aliporudi alizipitia zote, za mpira, za mahubiri, za katuni, akafika mwisho akaanza tena. Yenu haikuwamo. Nikamwandikia kwenye kitambaa kwamba chaneli yenu haijahama bado, asubiri.

Akasubiri. Kila jioni shati jeupe, kila jioni anaanza namba ya kwanza mpaka ya mwisho. Alisukuma antena kwa fimbo akiwa uani, akalilaumu bati jipya la jirani, akanifanya nihamishe kabati la mama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Wiki ya nne aliacha kuvaa shati, akisema hataki kulichafua bure. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Wiki ya sita akatoka bila kuniaga, akarudi na Fundi Antena, yule jamaa mrefu anayetembea na waya shingoni. Fundi alipanda juu, akashuka, akaomba rimoti, na hazikupita dakika mbili chaneli yenu ikawaka. Baba akaenda kunawa uso mchana kweupe. Saa moja ilipofika, kwenye ile kona alikuwa dada mwingine kabisa. Baba alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaniuliza uko wapi. Nikaandika kwamba uko likizo. Akauliza mbona basi hukumwaga, nami nikafuta chaki, nikarudi kwenye cherehani.

Tangu siku hiyo amejiaminisha kwamba umekufa, au unaumwa sana na sisi tunamficha. Leo asubuhi nimemkuta ameketi kitini na mkoba magotini, ndani yake lile shati limekunjwa. Anasema anaenda kituo cha televisheni kumwulizia mwanawe mwenyewe. Mzee kiziwi, avuke barabara zile za kwenu asizosikia hata honi zake. Nimemwomba anisubiri nimalize kuandika kitu, ndipo nikaanza barua hii.

Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Chaneli yenu ilihama siku moja na nyingine zote. Ilirudi asubuhi ile ile, namba mia na nne, picha safi kuliko zamani. Mimi ndiye niliyeifuta.

Siku moja kabla, jirani alikuja kukunjiwa pindo la sketi. Baba akamwambia, kwa ile sauti yake ya viziwi inayofika mpaka barabarani, kwamba yeye ana mtoto mmoja anayezungumza naye, na huja saa moja. Huyu mwingine, akasema, yupo yupo tu na vitambaa vyake. Nilikuwa nimebana pini mdomoni. Miaka kumi na moja namfulia nguo, na hata lile shati jeupe nalipiga pasi mimi. Kesho yake, jina la chaneli yenu lilipojitokeza kwenye orodha, nikajisemea akukose siku moja tu, ajue nani yumo humu ndani. Ulikuwa ni wivu, wala siupambi. Siku ya pili wivu uliisha, ikabaki hofu ya kuulizwa.

Halafu ukaja ule ujumbe wako, kwamba daktari amekutaka upumzike mapema, Ijumaa ndiyo ya mwisho, na kuna habari unataka umpe baba kwa mikono yako mwenyewe, nisimdokezee. Ningeirudisha kwa kubonyeza mara nne. Sikubonyeza. Niliogopa angeuliza imekuwaje irudi siku hiyo hiyo. Nikamwandikia naenda kununua uzi, nikaenda kwa kinyozi, maana ana televisheni ukutani.

Nilikuona. Nilisimama kati ya wanaume wenye povu videvuni, nikaona mkono wako unapita tumboni, unachora duara, kisha unavuta sikio mara tatu badala ya mbili. Kinyozi akasema hereni leo inamsumbua yule dada, watu wakacheka. Nilitoka nikasimama nyuma ya kibanda, nikalia. Uliponiuliza baba aliipokeaje, nikakujibu alitokwa na machozi. Machozi yalikuwepo kweli, ila yalikuwa yangu.

Fundi Antena alijua. Aliniambia mbele ya baba kwamba chaneli haijifuti yenyewe, kisha akatazama vitambaa vyangu akasema kikulacho ki nguoni mwako. Baba alikuwa anatabasamu, hasikii kitu. Nikamshukuru Mungu kwa uziwi wa baba yangu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Mpaka hapo nilikuwa nimeandika, na yeye bado na mkoba magotini. Nikampa kurasa zote. Najua habari ilikuwa yako kuitoa, na sasa nimekunyang'anya mara ya pili; nisamehe hata kwa hilo, lakini sikuweza kumwacha atoke mlangoni akiamini umekufa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Nilisubiri anilaani. Hakuniangalia. Alivua miwani, akaifuta, akauliza una miezi mingapi.

Kitambaa kilikuwa mezani na chaki mfukoni. Sijui kwa nini sikuichukua. Niliinua mikono, vidole vitano huku na viwili huku. Akavigusa kimoja kimoja akihesabu, kama asemaye niseme tena, nami nikaviinua tena. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia kwa vidole. Hajasema amenisamehe, na mimi sijathubutu kuuliza. Ila mkoba ameufungua, na shati limerudi msumarini.

Nitakupokea ukija, hata kama utakuja kunigombeza tu. Msalimie shemeji, na upumzishe miguu hiyo. Baba nimemwuliza anakutumia salamu gani. Amevuta sikio mara tatu, akaniamuru niandike hivyo hivyo.

Ni mimi kaka yako,
wa vitambaa