Mkorea wa Mama Boaz

Loveness, nimetoka kwa kina Boaz hapa Kambarage sasa hivi. Na washenga wake wanakuja kwetu Jumamosi!

Mimi na Boaz tulikuwa tunaangalia tamthilia ya Kikorea na mama yake. Nikajifanya mjuaji: hadithi imetoka kwenye katuni ya Kijapani, Taiwan nao waliigiza, ila ya Kikorea ndiyo tamu, binti wao ana adabu.

Mara akaingia Noela. Noela, yule aliyeachana na Boaz! Akapiga magoti mpaka chini, "Shikamoo mama."

Mimi nilisalimia nimesimama, kisa gauni linabana.

Mama akanigeukia, kidole kwa Noela. "Umesema kweli, mwanangu. Hadithi ni ile ile, ila Mkorea ana adabu."

Mkorea! Boaz akacheka. Boaz wangu, Loveness!

Halafu Boaz huyo huyo akaniambia nisogee, Noela apate pa kukaa.