Ramani ya Taka ya Atupele

Jumatatu, 2 Desemba 2013
Nimefagia uani. Nimekunywa uji. Basi la Dar limeleta bahasha ya Atupele, binti yangu. Ndani, ramani ya nchi aliyoichora ofisini kwake: taka zinazorejelezwa katika kila mkoa. Kijani kikikolea, ni nyingi. Dar imekolea. Kwetu kweupe. Pembeni ameandika: "Baba, kazi yangu ya kwanza yenye jina langu. Krismasi nitakuja."
Hajaja tangu tumzike mama yake.

Jumatano, 4 Desemba
Weupe ule unanikera. Kila siku watu hupita hapa na viroba vya chupa tupu. Nimekwenda kwa Ezekia, mnunuzi wa chupa na vyuma chakavu karibu na mpaka wa Zambia.
"Shikamoo, Mwalimu! Umekuja kuuza, au pensheni imekata?"
Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza chupa zinakwenda wapi. Dar, alisema, kwa malori yanayorudi tupu kutoka ng'ambo ya mpaka. Zinapimwa huko kiwandani.
Kumbe ndani ya kijani cha Dar kimo na chetu. Ramani inaonyesha zinakopimwa, si zinakookotwa.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Chini nimeandika: "Si sahihi. Rudia." Nimeirudisha kwa basi la asubuhi.

Jumapili, 8 Desemba
Kanisani. Mvua. Sikuzungumza na mtu.

Jumatatu, 9 Desemba
Atupele amepiga simu.
"Nilikutumia uione, Baba. Sikukuomba usahihishe."
Nilimwambia kosa ni kosa. Akasema Krismasi atakuwa na kazi. Akakata.
Niko sahihi. Nyumba hii ni kubwa mno.

Jumamosi, 14 Desemba
Hapokei simu. Nimesonga ugali wa watu wawili, nikamwaga nusu. Nina hasira naye. Nina hasira na nafsi yangu zaidi.

Ijumaa, 20 Desemba
Leo amepokea. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya malori. Sikuieleza. Nilisema ramani yake ni nzuri, na kwamba nilipaswa kuanza na hilo. Kisha akauliza nani ananipikia.
Nikasema, hakuna.
Hakusema kama atakuja. Sikumwuliza. Hakukata simu, nami sikukata. Kwake zilisikika honi za magari, kwangu mvua juu ya bati. Tulikaa hivyo mpaka salio langu likaisha.