Hodi ya Nne

Jumapili, mwanzo wa Novemba. Upepo wa mchana umetujaza vumbi hadi kwenye meno. Mawingu yalikuja, yakasimama juu ya mji, yakatutazama, yakaondoka. Nimekaa kwenye chumba cha intaneti hapa Majengo, kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi ya K lazima uibonyeze kwa hasira. Nina furaha na nina wasiwasi, na sijui kipi kimekuja kwanza.

Ngoja nieleze, maana huenda kuna mtu anapita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza.

Naandika tamthilia. Inaitwa Wageni wa Haneti. Chombo kutoka nyota ya mbali kinatua kwenye shamba la alizeti kule Haneti, na waliomo hawataki kututawala wala kututafuna. Wana kiu. Wamekuja kuomba maji. Ndiyo, najua, kati ya nchi zote duniani wakachagua Ugogo kwenye ukame; mama ameshanicheka vya kutosha. Kituo kimoja cha televisheni ya kebo hapa mjini kimekubali kuionyesha kuanzia Ijumaa. Kilichobaki ni utangulizi tu, yaani yale majina yanayopita mwanzoni pamoja na muziki wake. Mkurugenzi anautaka kesho asubuhi.

Utangulizi tu! Kumbe hapo ndipo penye kazi.

Tangu nianze nimekuwa mtu wa maswali ya ajabu. Nyota inalia vipi? Aliyetoka mbali kuliko mbali akifika, sauti yake ya kwanza ni ipi? Niliazima kanda za kigeni kwenye banda la video, nikakuta kila chombo cha anga kinanguruma kama lori la mizigo linalopanda mlima. Sikutaka lori.

Nyota nilizipata nyumbani. Nilitandaza buibui la mama sakafuni, nikalinyunyizia unga wa sembe kwa chekecheke, nikapiga picha kwa kamera ya video ya kuazima huku nikipuliza polepole. Unga ukasogea, ukatulia, ukasogea tena, kana kwamba anga inavuta pumzi. Nilishangaa mwenyewe. Mama naye alishangaa kwa namna yake, kwa sababu alikuwa anajiandaa kwenda nalo msibani.

"Mwanaidi! Wewe na majini yako, mtanifulia hilo buibui sasa hivi!"

Nililifua. Nyota zilikuwa zimeshaingia kwenye kanda.

Sauti ndiyo ilinisumbua. Nikawaza, mgeni yeyote, awe wa Kondoa au wa nyota, akifika mahali anafanya nini? Anabisha hodi. Basi muziki uanze na hodi. Nikagonga mlango wetu wa mbao, ukatoa sauti ya jirani anayeomba chumvi. Nikajaribu sufuria, debe, mpaka sinia. Mwishowe nikaenda Kizota kwa mafundi wanaochomelea mageti. Kulikuwa na geti moja kubwa, halijapakwa rangi, limeegemezwa ukutani. Nilipoligonga kwa ngumi, kamera ikirekodi, sauti iliondoka, ikakaa huko ilikokwenda, ndipo ikarudi. Fundi akaniuliza kama nanunua. Nikamwambia nasikiliza tu. Akaniangalia sana.

Muziki ni wa Elia. Tulisoma naye darasa moja; siku hizi ni karani katika ofisi ya serikali, na jioni anapiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa lao. Ana pia ilimba ya babu yake, ile marimba ndogo ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba. Alipoiweka nyuma ya sauti ya lile geti, ikivuma na kuzizima, nilisahau kabisa kwamba tuko chumbani kwake na feni mbovu inatupigia kelele.

Geti liligonga mara nne, halafu ilimba ikaingia. Ilikaa vizuri mno. Alhamisi asubuhi tukampelekea mkurugenzi kanda ya majaribio, mchana akaturudishia, na jioni akanipigia simu.

"Mwanaidi, hapo umepatia! Mwili wote umenisisimka. Watu watalala taa zikiwaka. Sasa mimi nasema hao wageni wako tuwape meno. Kutisha ndiko kunakouza."

Kusema kweli nilifurahi. Nilisikia "umepatia" nikaacha kusikiliza yaliyofuata. Ijumaa nzima nilitembea mjini nikijiona mtu wa maana, nikasalimia hata watu nisiowajua.

Yale meno yalinirudia Jumamosi asubuhi, nikiwa napiga mswaki.

Meno ya nini? Wageni wangu wanaomba maji.

Nikaicheza kanda sebuleni nijue ametoa wapi habari za kutisha. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Geti likagonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mama akaja mbio na ungo mkononi, akanipita bila kuniangalia, akafunga komeo la mlango wa mbele.

"Nani wewe unayegonga kama umetumwa?"

"Mama, ni televisheni."

"Televisheni gani hiyo isiyo na adabu? Mtu mwema akibisha hodi ya tatu asiitikiwe, anakwenda zake. Huyu anagonga ya nne, anataka nini kwa watu?"

Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nikairudisha kanda mwanzo, nikahesabu.

Hodi ni tatu.

Nilifundishwa hivyo nyumbani na madrasa kabla sijajua hata kuandika jina langu. Elia anajua pia, maana kwao ni vilevile. Wote wawili tulijua, na wote wawili tukagonga mara nne kwa sababu mapigo ya muziki yalikuwa manne. Mgeni wangu akawa jambazi kabla hata jina la tamthilia halijapita. Mkurugenzi hakusikia vibaya. Meno tuliyaweka wenyewe.

Iliniuma, na nitasema kwa nini. Babu wa babu yangu aliingia nchi hii na msafara kutoka pwani. Akashikwa na homa njiani, wenzake wakamwacha. Nyumbani tunasimuliwa kwamba alijikokota mpaka mlango wa kwanza aliouona, akabisha hodi, na wenyewe wakamwitikia bila kumjua wala kuijua lugha yake. Wakampa maji. Akapona, akaoa, na ndiyo sisi hapa Majengo. Sijamwambia mtu, lakini tamthilia hii yote ni yeye, nimemvalisha nguo za nyota tu. Nikimpa meno ili watu walale taa zikiwaka, nitakuwa nimemtoa mlangoni na kiu yake.

Leo Elia alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, bado yuko ndani ya suti. Akamwamkia mama shikamoo, akapewa chai, nikamweleza. Akakubali kuhusu hodi. Kuhusu muziki akakataa katakata.

"Dada, tatu haziingii. Mapigo ni manne. Nikiweka tatu, muziki unachechemea."

"Gonga tatu, la nne liache tupu."

Akacheka. "Wewe hujawahi kuongoza kwaya. Ukiacha pigo tupu, lazima kuna mtu ataingia. Leo tu kuna mama kaingia peke yake, sauti yote, kanisa zima limegeuka."

"Basi aingie."

Nilisema hivyo bila kujua hasa namaanisha nini. Nilitaka tu kujua, akiingia mtu, ataingia na neno gani. Udadisi wangu utaniponza siku moja.

Tukaenda kwake, akalifuta lile pigo kwenye kompyuta huku akinung'unika, akapunguza mwendo kidogo ili pengo lisikike kuwa ni la makusudi. Tukarekodi juu ya kanda ileile, tukarudi nayo nyumbani. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Hatukumwambia kitu.

Unga ukasogea. Zile nyota zikavuta pumzi. Geti likagonga, likagonga, likagonga.

Kimya.

Elia alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri kofi.

"Karibu!" mama akaitikia kutoka uani. "Pita ndani, mlango uko wazi!"

Na ilimba ikaingia.

Mama akatokea akijifuta mikono kwenye kanga, uso umeshajiandaa kwa mgeni. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akatutazama sisi. Elia alikuwa ameshika tumbo anacheka. Mimi machozi yalinitoka, na hayakuwa ya kucheka.

"Mgeni yuko wapi?"

Nikamwonyesha televisheni. Akasogea, akainama, akazikazia macho zile nyota kwa muda.

"Hilo si buibui langu?" akasema. Kisha akavuta kiti, akakaa. "Hebu rudisha nione. Na huyo mgeni, mmempa nini?"

Maji, mama. Anaomba maji.

Sasa niko hapa, na mwenye kompyuta ameshaanza kunitupia jicho kwa sababu kuna wanaosubiri. Kanda ni moja tu na ile hodi ya nne haipo tena popote. Kesho mkurugenzi atauliza meno yako wapi. Anaweza kukataa, na akikataa hakuna kituo kingine hapa mjini cha kukimbilia. Haneti yangu itabaki kwenye karatasi. Nimejiuliza kama naogopa. Naogopa. Lakini najiuliza pia ni katika nyumba ngapi Ijumaa mtu ataitikia kutoka jikoni, asijue amemkaribisha nani, na hilo nalitaka kuliko ninavyoogopa.

Asubuhi nitakwenda ofisini kwake nikiwa na kanda kwenye mkoba. Nitabisha hodi mara tatu, nisubiri. Akiitikia, nitaingia na wageni wangu kama walivyo, na kiu yao. Asipoitikia, nitarudi zangu nyumbani.

Ya nne sibishi.