Siafu Waliozungushiwa Jivu

Baba, habari ya Nairobi? Huku Kibugu mvua haijaacha majani ya chai yapumue, lakini tuko wazima.

Jana siafu walivamia banda la kuku. Tukakimbiza vifaranga hadi jikoni, Nyanya akazungushia banda jivu ili siafu wasivuke. Kumbe amewafungia siafu wengine ndani. Kwa kuwa siafu hujua kumfuata aliye mbele tu, wakaanza kufuatana kwa duara, wakizunguka na kuzunguka. Nyanya akafagia jivu upande mmoja. Wakaupita huo mwanya bila kutoka, wakaendelea kuzunguka.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hawa ni kama mwanangu wa Nairobi tangu astaafu," akasema. "Anazunguka meza na mlango uko wazi."

Baba, kila jioni mama yako anakuwekea sahani ya mukimo kando. Njoo.

Binti yako,
Wawira