Nilipoufuata Mtaro Wangu Hadi Mwisho

Jumamosi. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu, sasa jua limetoka na ua mzima unafuka mvuke. Leo nimetia kitambaa rangi baada ya kukaa muda mrefu bila kazi. Nilidhani ningefurahi kuliko hivi.

Kwa anayenisoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtengenezaji wa batiki, hapa Bagamoyo mjini. Nafanya kazi uani pamoja na wifi yangu Mwajuma. Tunachora kwa nta iliyoyeyushwa, tunatumbukiza kitambaa kwenye rangi, kisha tunakichemsha mpaka nta itoke. Maji yanayobaki yana rangi kali na kostiki soda, dawa inayoifanya rangi ishike. Tukishamaliza tulikuwa tunayamwaga mtaroni.

Sikuwahi kujiuliza mtaro unaishia wapi.

Kabla ya mvua hizi kuanza alikuja afisa mazingira wa halmashauri, binti anayeitwa Rehema, amevaa buti za mpira. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamsogezea kiti. Hakukaa. Aliomba tutembee pamoja kuufuata mtaro.

Mtaro unapita nyuma ya nyumba ya Bi Tatu, jirani yangu mtu mzima anayefuga bata, kisha unapenya kati ya kuta za watu na kuishia kwenye mikoko. Tope la pale lilikuwa la buluu. Kwenye mizizi ya mikoko nikaona zambarau, na niliijua, maana niliichanganya mwenyewe. Utotoni, ukikanyaga pale, ungedhani tope lenyewe linatembea, kumbe ni kaa wadogo wanakimbilia mashimoni. Siku ile hapakutembea kitu.

Rehema alinieleza taratibu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inakataza kumwaga maji ya namna hii bila kuyasafisha. Nikamwambia mimi si kiwanda, ni mama tu na masufuria yake.

"Mikoko haijui kama ni kiwanda au ni masufuria, mama," akasema.

Akaniandikia amri ya kusimamisha kazi ya rangi mpaka niwe na mahali pa kusafishia maji. Alisema hanitozi faini, ananipa nafasi. Ila akinikuta namwaga tena, hatutaongea hivyo.

Nilikasirika. Hasira yangu haikwenda kwa Rehema, ilikwenda kwa Bi Tatu, kwa sababu nilijua ndiye aliyepeleka malalamiko halmashauri. Nilipita mlangoni kwake siku nyingi bila kubisha hodi wala kumpa salamu. Kwetu hapa hilo si jambo dogo, na watu waliliona.

Mwajuma akawa anakuja asubuhi, anafagia ua uliokwisha kufagiwa, anarudi kwake.

Dada yangu Salma, anayekaa Mapinga, akanipa wazo. Ana kiwanja ambacho hajajenga. "Hamia huku," akaniambia kwenye simu. "Huku hakuna mtaro wala mtu wa kukufuata." Nilifurahi sana. Nikaenda kukiona nikiwa tayari napanga majiko yatakaa wapi.

Kiwanja kizuri, kina mteremko. Chini ya mteremko kuna kisima kifupi, na wanawake walikuwa wanachota. Mmoja akanisalimia, akauliza kama mimi ndiye jirani mpya. Salma akamjibu ndiye. Yule mama akachota maji, akasuuza kikombe, akanijazia.

"Karibu. Onja maji yetu, hayana chumvi hata kidogo."

Nikayanywa yote, yeye amesimama ananitazama kwa furaha ya mwenyeji.

Njiani kurudi barabarani nikamwambia Salma sihamii. Akaudhika, akasema mimi sisaidiki.

Siku iliyofuata nikabisha hodi kwa Bi Tatu. Alinikaribisha kana kwamba sikuwahi kumnunia. Nilikaa mkekani, nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi kabla ya kwenda serikalini.

"Nilikwambia, mwanangu," akasema. "Nilikuja kwako na bata mkononi, bawa zima la zambarau. Ukacheka. Ukaniambia bata wangu wamependeza, niwapeleke harusini. Nikaja tena nikakwambia wawili wamekufa. Ukasema utaangalia."

Alisema bila ukali. Nami nikakumbuka kila kitu, hata nguo niliyovaa siku ile ya kucheka.

Nilimwomba radhi. Akasema yamekwisha, akaenda kuniletea chai ya tangawizi. Kwake yamekwisha. Kwangu bado kidogo.

Baada ya hapo ikawa ni kujenga. Fundi ametujengea matangi mawili ya saruji nyuma ya jiko. Kwenye la kwanza maji yanatulia, tunatia shabu, rangi inazama chini. Kisha yanapita kwenye kokoto, mchanga na mkaa, yanaingia la pili. Mwajuma anapima ukali wa maji kwa vikaratasi vya kupimia alivyotuachia Rehema, na kazi hiyo ameipenda kuliko kuchora. Tope linalobaki tunalikausha na kulifunika kwenye ndoo, hatulitupi mpaka tuelekezwe pa kulipeleka.

Rehema amekuja leo asubuhi kukagua. Ametupa ruhusa ya kuanza kidogo kidogo, amechukua maji kwenye chupa akayapime, na amesema atakuwa anarudi bila taarifa. Nimemwambia karibu, na sikuwa natania.

Alipokuwa anaondoka ndipo akaniuliza: "Mama, mtaa huu kuna wengine wanaotia rangi?"

Wapo. Mmoja ni Zuhura, aliyenifundisha kazi hii nilipokuwa sina kitu, nyumba ya nne kutoka hapa. Maji yake yanaingia mtaro huu huu. Nimesikia mdomo wangu unamwambia Rehema anipe siku chache ndipo nimjibu. Akanitazama, akasema sawa, lakini zisiwe nyingi.

Kwa hiyo naandika haya mikono ikiwa na rangi, na moyo mzito.

Kesho baada ya chai nitakwenda kwa Zuhura. Nitamwomba avae viatu vibovu tutembee. Huenda akacheka. Huenda akaniuliza tangu lini mwanafunzi anamfundisha mwalimu, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Nataka tu ayasikie kwangu kwanza.